Historia ya Dada Yangu Ilivyoanikwa Juani

Nimekaa kwenye matanga mengi kuliko mashua nilizounda, na mimi ni fundi wa mashua. Kila nikikaa, inafika ile saa mtu anasimama na karatasi, anakohoa, anasema, "Sasa tusikie historia ya marehemu." Mimi najua yote kabla hajafungua mdomo. Marehemu alikuwa mcha Mungu. Marehemu alikuwa mkarimu, alipenda wageni. Marehemu aliugua kwa muda mfupi, akavumilia. Hata yule jirani yetu aliyefukuza wageni kwa mbwa, aliyekata nyavu za kaka yake kwa wivu, siku ya kuzikwa naye alipenda wageni. Nilimtazama mjane wake. Alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Watu walidhani analia.

Jambo hilo ndilo lililomuudhi dada yangu maisha yake yote, na ndilo lililoniweka mimi juu ya paa siku mbili za juma la mazishi yake. Nitaeleza. Mnisamehe nikipotea njiani, shule niliishia darasa la tatu, na tangu hapo hakuna mwalimu aliyenifundisha kuanza mwanzo na kumaliza mwisho.

Dada yangu alikuwa wa kwanza kuzaliwa, mimi wa mwisho. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma kweli, kwa zile karatasi za gazeti walizofungia sukari. Tukishamwaga sukari kwenye kopo, ananikalisha, anaweka kidole chini ya neno. "Soma." Nikiruka neno, ananipiga kikofi cha mgongo. "Rudi. Kila neno mtu alilitolea jasho." Sijawahi kuruka neno tena. Ndiyo maana hadi leo nikisoma barua fupi jua linahama.

Aliolewa ng'ambo ya ghuba, upande wa Mbita. Ndoa ile sitaisema mimi, aliisema mwenyewe, mtaisikia. Ninachosema ni kwamba aliiacha, akaenda Kisumu, akajifunza kupiga taipu, akaajiriwa kwenye ofisi moja ghorofani. Jumamosi alikuwa anawapigia watu karatasi zao, na watu wetu mnajua karatasi wanayoitaka kuliko zote: programu ya mazishi. Miaka ya themanini yote ni kama hakuna maiti aliyetoka Kisumu kuja pande zetu za Luanda Kotieno bila historia yake kupita kwenye vidole vya dada yangu. Watu wanakuja wamekunja uso wa huzuni, wanamwambia, "Mama, tuandikie kama ile ya juzi, badilisha jina tu."

Badilisha jina tu! Alikuwa akinisimulia anagonga meza.

Baadaye kidogo, miaka ya tisini, ofisi ikanunua mashine mpya, na yeye wakampa shukrani. Shukrani yenyewe ilikuwa kompyuta ya kufunga na kufungua kama begi, ambayo siku hizi kila kijana anayo na anaiita laptopu. Wakati ule ilikuwa kitu cha ajabu, lakini hii ya kwao ilikuwa imeshachoka. Nzito kama jiwe la kusagia, rangi ya majivu, herufi nyingine zimefutika kwa vidole vya watu. Miaka yote ile ya kuinamia barua zao, wakampa mashine inayokohoa! Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Yeye alicheka. Akaibeba hadi chumba chake cha mtaa wa Manyatta, akaiwekea kitambaa cha kufuma juu, kama redio.

Siku moja nilimkuta anaipiga.

"Barua ya nani hiyo?" nikamuuliza.

"Yangu. Historia yangu."

"Yawa! Dada, unajiitia kifo?"

"Kifo hakiitwi, kinajua njia. Ninayemkataa mimi ni karani wenu."

Karani huyo alikuwa mzee wa ukoo wetu, zamani alikuwa karani wa chifu, mwandiko wake mzuri kama nakshi ya mlango. Hakuna historia iliyosomwa kwetu ambayo hakuishika yeye. Dada yangu alikuwa na kisa naye, lakini hakuniambia kisa chenyewe. Alisema tu, "Huyo hataniandika mara ya pili." Mara ya kwanza ilikuwa lini sikuuliza. Mimi ni mtu wa kuzungumza sana, nasahau kuuliza.

"Basi itoe kwenye karatasi tuiweke," nikasema.

"Historia haichapwi kabla haijaisha," akajibu, anacheka.

Mvua ndefu zikaja, mwaka ule gugu maji lilipofunga ufuo wote tukawa tunaona majani badala ya maji. Maradhi nayo yakaja. Mashine ilikaa miezi chini ya kitambaa kwenye chumba kinachovuja. Alipopata nafuu kidogo akaiwasha, ikakataa. Taa ya kijani inawaka, kioo kinakuwa na rangi ya kijivu, kinaandika mstari mmoja wa Kiingereza, basi. Akaizima, akaiwasha. Vilevile. Juma lililofuata alirudi hospitali na hakutoka.

Kitandani aliniambia, "Historia yangu imo mle ndani. Maelezo ya kuifungua nimebandika kwenye kifuniko. Usikubali wasome nyingine."

Nikasema ndiyo, kama mtu aliyeombwa kupitisha chumvi. Alikufa Jumatatu.

Sasa niseme mila yetu, kwa asiyeijua. Binti akiolewa, kwao ni kule alikoolewa. Akirudi nyumbani na kufia mikononi mwa baba au kaka, hazikwi ndani ya ua wa boma. Anachimbiwa nje, upande wa pili wa miti ya ua. Sisemi nani aliyeiweka mila hiyo, nilizaliwa nikaikuta. Lakini Jumanne wazee walipokaa kwangu, kwa maana mimi kitinda mimba ndiye niliyebaki kwenye boma la baba, walipanga kaburi la nje kwa haraka mno, kama watu wanaopanga mahali pa kumwaga majivu. Nikawamiminia chai. Halafu karani akavaa miwani, akasoma historia aliyokwisha kuiandika. Mistari mitatu. Alizaliwa, aliolewa, alirudi. Alikuwa mcha Mungu na alipenda wageni.

"Hiyo tu?" nikasema.

"Mwanamke aliyerudi, omera, ndugu yangu, unataka kitabu?"

"Yake ipo. Aliiandika mwenyewe."

"Iko wapi?"

"Ndani ya mashine."

"Itoe basi."

"Mashine haiwaki."

Mzee mmoja akasema, "Kumbe nayo ni marehemu! Tuchimbe mashimo mawili." Wakacheka. Wakacheka kwangu, chai yangu mikononi mwao, dada yangu bado yuko kwenye chumba cha baridi Kisumu. Watu wale wale ambao ukiwaletea karatasi ya shamba wanasema maneno ya mdomo yanatosha, siku hiyo walitaka karatasi. Karani akakunja mistari yake mitatu, akaitia mfukoni. "Jumamosi tunazika. Ukiwa na yako, lete. Usipokuwa nayo, nasoma hii."

Jumatano nikaenda Kisumu. Mashine niliichukua chumbani kwake, nikaifunga kwenye kitenge chake mwenyewe, nikaulizia wanapotengeneza kompyuta. Wakanionyesha duka moja la mlango wa kioo, juu ghorofani. Ndani kuna baridi kama mochari, na kijana mwenye tai.

"Mzee, redio wanatengeneza kule chini sokoni."

"Si redio." Nikafungua kitenge.

Akamwita mwenzake. Wakaitazama, wakasemezana Kiingereza, wakacheka. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini kicheko hakina Kiingereza. Akaichomeka kwenye umeme, akaweka sikio juu yake kama daktari. Hapo kidogo nilimheshimu.

"Sikia mwenyewe," akasema. Nikaweka sikio. "Unasikia nini?"

"Kimya."

"Ndiyo hivyo. Ndani kuna sahani inazunguka, hiyo ndiyo inashika maneno. Yako imekwama. Imekufa."

"Kukwama na kufa ni kitu kimoja?"

"Kwa mashine ya umri huu, ndiyo."

"Na kwa mtu wa umri wangu?"

Akachomoa waya. Akasema, "Niachie nitoe kioo na vibonyezo, vitanifaa kwa spea. Nitakupunguzia mzigo."

Nitakupunguzia mzigo! Bwana, mimi nimeunda mashua tangu ujana. Nimeletewa mashua iliyogonga mwamba, iliyooza ubavu, iliyolaliwa na kiboko. Sijawahi kumwambia mvuvi chombo chake kimekufa kabla sijakigeuza tumbo juu na kukigonga ubao mmoja mmoja. Huyu hakutoa hata msumari mmoja! Nikaifunga kitenge, nikashuka ngazi. Nilipofika Kisian, pale barabara ya Bondo inapoachana na ya Busia, bado nilikuwa najibizana naye peke yangu, mama muuza ndizi akaniuliza kama naumwa.

Lakini neno moja lilinibaki. Kukwama. Kukwama nakujua. Ubao ukivimba kwa maji mlango wa nyumba hukwama, na hatuuchomi moto, tunauacha ukauke. Na mawe ya redio je, zile betri ndogo? Yakichoka, redio ikaanza kusema kwa sauti ya mgonjwa, hakuna mtu kwetu anayeyatupa. Tunayapanda nayo juu, tunayapanga kwenye mabati, jua linayapiga siku moja, na jioni redio inaongea tena, hata kama ni kwa habari moja tu. Nani asiyefanya hivyo? Ukiona paa lisilo na mawe ya redio, nyumba hiyo haina redio.

Basi Alhamisi, jua lilipokaa sawasawa, nikaweka ngazi.

Mke wangu alikuwa anapepeta mahindi ya wageni. "Wewe, unaanika nini?"

"Mashine ya marehemu."

"Mume wangu, mwaka huu utaanika hata Biblia."

Nikaiweka juu ya mabati, imefunguliwa mdomo ili jua liingie, na mawe yangu manne ya redio kando yake kama walinzi. Nikaenda kwa wachimba kaburi. Pale nje ya miti kuna mawe mengi, nikachelewa kuwasaidia.

Niliporudi alasiri, sikutaka kuamini. Kifuniko kilikuwa kimepinda kama samaki aliyekauka vibaya. Kwenye kioo, kona ya chini, kulikuwa na doa jeusi kubwa kama kiganja, na nilipoligusa likatembea chini ya kidole changu kama wino. Karatasi ya maelezo ilikuwa imebanduka nusu, imejikunja.

Mke wangu alikuja kutazama. "Umemkaanga wifi yangu," akasema.

Hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali. Nilienda nyuma ya mashua niliyokuwa naiunda, nikalia, na nasema bila aibu kwa sababu wote walioniona wamekwisha kufa. Sikulia kwa ajili ya kifo. Nililia kwa sababu kijana mwenye tai alitaka kutoa kioo tu, na mimi fundi mwenye busara nimekichoma.

Ijumaa asubuhi nyumba ilijaa. Wajomba, kwaya, watu wa Manyatta, watoto wamelala hadi chini ya meza. Sikuwa na mahali pa kuiweka ile mashine ambapo mtu hataikalia. Nikairudisha juu ya mabati. Ni hivyo tu. Baadaye watu walisema eti nilikuwa na maarifa. Sikuwa na maarifa, sikuwa na nafasi.

Mchana akafika fundi wa vipaza sauti. Huyu alikuwa mtu wa sokoni kwetu pale Luanda Kotieno, anatengeneza redio na gramafoni, na kila matanga anakodishwa na betri yake ya gari na vile vipaza vyake viwili kama maua ya boga. Alikuwa anatafuta mahali pa juu pa kufunga kipaza.

"Mzee, yale mawe kwenye paa ni yako?"

"Ni yangu."

"Na lile sanduku?"

Nikamweleza. Sikuficha kitu, hata doa. Alipanda mwenyewe akaishusha kwa kitambaa, inachoma mikono. Mtu huyu aliigeuza tumbo juu. Mliona? Kitu cha kwanza, akaigeuza tumbo juu!

"Huyo wa Kisumu alisemaje hasa?"

"Sahani imekwama."

"Alisema imekwama au imevunjika?"

"Imekwama. Akasema kukwama na kufa ni kitu kimoja."

"Huyo hajawahi kushika gramafoni." Akaendelea kusoma maandishi madogo ya tumboni. "Gramafoni ikikaa kwenye baridi grisi inaganda, haizunguki. Unaipasha moto, unaisukuma kidogo, inakumbuka kazi. Wewe umeshaipasha bila kujua. Sasa hii inataka umeme wa volti kumi na tano. Gari langu lina kumi na mbili."

"Gari lipi? Umekuja kwa baiskeli."

Akapiga betri yake kofi. "Hili. Tunakosa tatu. Lete mawe mawili, kila moja ni moja na nusu."

Nikampa mawe yangu kutoka juu ya paa. Akayaunga na betri kwa waya, akayafunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu. "Mzee, nakwambia mapema. Mawe haya yataishiwa nguvu upesi. Yakizima yamezima. Na betri hii kesho ni ya mazishi, siimalizi hapa. Nani anaandika?"

Hapo ndipo moyo wangu uliposhuka. Mimi kusoma naweza, polepole. Kuandika kwangu ni kama kuku amepita kwenye majivu. Kwaya na watu wa Manyatta walikuwa wameenda mtoni. Mke wangu hakusoma. Na chini ya turubai, miguu imenyooshwa, kalamu ya wino ikichungulia mfukoni, alikuwa amekaa karani.

Nilimwendea. Mungu ananijua, nilimwendea.

"Bwana Karani, tafadhali. Njoo uandike."

"Imefufuka?"

"Njoo uone."

Alikuja, nadhani alikuja ili ashuhudie aibu yangu. Fundi akaniambia nishike waya, akabonyeza, taa ya kijani ikawaka. Kioo kijivu. Kisha akaishika mashine kwa mikono miwili, akaizungusha kwa kifundo cha mkono, fyu, ghafla, kama mtu anayegeuza chapati. Hakuna kitu. Akarudia. Ndani kukasikika mlio, tk, halafu sauti nyembamba ikapanda, kama mbu ndani ya chandarua.

"Anazunguka," fundi akasema. Hakusema *inazunguka*.

Tulifuata karatasi ya kifuniko, bonyeza hii, andika hii, bonyeza ile. Na maneno ya dada yangu yakatoka. Aliandika kwa lugha yetu ya nyumbani, hapa nayaweka kwa Kiswahili kadiri niwezavyo.

*Mimi ni mtoto wa kwanza wa baba yangu. Sikupenda wageni. Nilipenda watu waliosema walichofuata, wakakipata au wakakikosa, wakaenda kwao.*

Karani alivuta pumzi puani, akaanza kuandika. Nilisimama begani kwake, mkono mmoja kwenye waya, kidole cha mkono wa pili chini ya kila neno, kama nilivyofundishwa.

*Niliolewa ng'ambo ya ghuba. Mume wangu alinipiga. Mara ya kwanza nilirudi nyumbani mkono umefungwa kitambaa, wazee wakanirudisha. Mara ya pili nilirudi, wakanirudisha na barua. Ilikuwa barua nzuri, mwandiko mzuri kuliko yote niliyopata kuona, inamwambia mume wangu kwamba nimeonywa na sitarudia. Niliibeba mwenyewe kwenye feri. Mara ya tatu sikupita nyumbani. Nilienda Kisumu nikajifunza kuandika kwa mashine, kwa sababu mwandiko mzuri wa mkono nilikwisha kuiona kazi yake.*

Kalamu ilienda, ikaenda, ikasimama, ikaruka ikatua kwenye "mara ya tatu".

"Bwana Karani, umeruka."

"Wapi?"

"Kuanzia 'mara ya pili' mpaka 'feri'."

"Mistari inafanana, omera. Macho yangu ni ya uzee."

"Mimi ni wa darasa la tatu. Nasoma neno moja moja. Siwezi kuruka hata nikitaka."

Akavua miwani. "Haya si maneno ya kaburini."

"Ni ya kaburi lake."

"Watu watauliza barua aliandika nani."

"Na watu wakiuliza?"

Fundi, ambaye alikuwa amechuchumaa ameshika mawe na mpira, akasema, "Wazee, umeme unashuka. Gombaneni mkiandika."

Karani akavaa miwani. Akarudi nyuma, akaandika yote, barua, feri, kila kitu. Nilitazama mkono wake. Ule ule mwandiko mzuri, haukutetemeka hata kidogo, na hilo liliniudhi kuliko kama ungetetemeka.

Kulikuwa na mengine, kazi yake, chumba chake, wale watu wa "badilisha jina tu". Penye doa jeusi tuliacha nafasi wazi. Tulifika mstari wa chini kabisa wa kioo.

*Na mkinizika nje ya ua, sawa, lakini*

Fundi akabonyeza ili maneno yapande. Kioo kikafifia. Yule mbu akashuka, akashuka, akanyamaza. Tulibadilisha mawe, tukaweka yale mawili mengine. Fundi akaizungusha tena, fyu, fyu, hadi jasho. Haikuwaka tena siku hiyo wala siku nyingine.

Jioni mwili ulifika. Asubuhi ya Jumamosi, kabla ya ibada, karani akanivuta kando, karatasi mkononi, amevaa koti.

"Haiwezi kuishia kwenye 'lakini'. Watu watabaki wananing'inia. Nimeongeza kidogo tu. 'Lakini nimewasamehe wote.'"

"Alikwambia amewasamehe?"

"Kila marehemu husamehe."

Hapo niliona kwamba angemzika kweli. Maiti tulikuwa tunaizika sote, lakini huyu alitaka kumzika yeye, pamoja na maneno yake. Nikamnyang'anya karatasi. Ndiyo, mbele ya watu, nikamnyang'anya mzee wa ukoo karatasi, na maneno yake ya kuongeza nikayafuta kwa penseli yangu ya useremala, mistari miwili minene.

Nikasoma mwenyewe kwenye kipaza sauti. Nilichukua muda mrefu kuliko mhubiri. Penye doa nilisema, "Hapa pamechomeka, kosa ni langu." Niliposoma juu ya wageni, watu wa Manyatta walicheka kwa sauti, walimjua. Niliposoma juu ya barua, hakuna aliyecheka. Vichwa viligeuka polepole kuelekea kiti cha karani, maana kwetu mwandiko mzuri kuliko yote ni mmoja. Nikafika mwisho. "Na mkinizika nje ya ua, sawa, lakini." Nikakaa chini.

Kwaya hawakujua kama waimbe. Kipaza kilikuwa kinanguruma bure. Halafu bibi mmoja kizee, ambaye naye aliwahi kurudishwa kwa mume na mkono umevimba, akasema kutoka kwenye mkeka, "Lakini!" Mwingine akaitikia, "Ehe, lakini!" Wanawake wakalipokezana neno hilo hadi mhubiri akasimama haraka kuanza ibada.

Tukamzika nje ya ua. Msidhani karatasi ilibadilisha wazee. Shimo lilikuwa limekwisha chimbwa.

Mvua zilipokuja nikakata matawi ya ua wa boma la baba yangu, nikaanza kuotesha mapya. Ua wa zamani ulikuwa na mapengo, hakuna aliyeweza kubisha. Nikaotesha kutoka langoni, nikashuka upande wa ziwa, na nilipofika kwenye kaburi la dada yangu sikupita upande wake wa ndani. Nilizunguka nje yake, akabaki ndani ya ua. Karani alikuja na fimbo yake.

"Omera, unafanya nini na ua?"

"Naotesha."

"Umepindisha."

"Mimi ni fundi wa mashua, kwangu hakuna kilichonyooka."

Alisimama akatazama ile miti midogo, akaondoka. Hakurudi kunywa chai kwangu hadi alipokufa. Na siku ya kuzikwa kwake, kama mnavyodhani, alipenda wageni.

Mimi najua kwamba labda nimefanya kosa lile lile lake. Neno "lakini" lilikuwa la dada yangu, na mimi nimelimalizia kwa miti. Pengine alitaka kusema kitu kingine kabisa. Pengine alitaka tu mtu amwagilie maua, au redio yake apewe mke wangu. Siwezi kujua, kimekwama mle ndani. Mashine bado ninayo, imepinda kifuniko, chini ya kitambaa kile kile cha kufuma, na kila kijana anayefika na laptopu yake nyembamba ananiambia, "Mzee, tupa hii." Kila mmoja namwambia aigeuze kwanza tumbo juu.